Sauti ya Jikoni

Chumbani kwangu,
Jumamosi, tarehe 31 mwezi wa kwanza

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi cha sabuni, kimepungua au bado kinakusumbua? Mimi mzima kabisa, nakula, nalala, na uvivu unajulikana kwa majirani wote. Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Najua simu yako na za wenzako zinakaa kwenye droo ya Madamu mpaka Jumapili jioni, na mimi siwezi kusubiri mpaka kesho jioni na habari hii mdomoni. Barua nampa muuza maziwa, ambaye anasema katika nyumba zote anazopeleka maziwa anakuogopa wewe tu.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimepata kazi redioni!

Si kutangaza habari, usianze kuwaita watu. Watasoma riwaya hewani, moja kwa moja, kila Jumanne na Alhamisi alasiri, saa ile mnapopiga pasi. Ni ile riwaya ya yule Mwandishi mashuhuri tuliyosomeshwa shuleni, kuhusu kijana wa nyumba kubwa anayempenda binti wa jaji. Na mimi ni nani humo? Usinicheke. Mimi ni msichana wa kazi. Hana jina, kitabu kizima kinamwita hivyo hivyo, wakati mbwa wa nyumba ile jina analo. Maneno yake ni “Ndiyo, mama”, “Ndiyo, baba” na “Chai tayari”.

Kwa kuwa maneno yangu ni machache, wamenipa na kelele zote. Nina mlango mdogo wa mbao juu ya meza, una kitasa na bawaba kama mlango wa watu wazima. Nina vikombe, vijiko, na viatu vya aina aina ambavyo navivaa mikononi nikitembea mezani. Mtu akipanda ngazi, ni mimi. Mtu akiingia, ni mimi niliyemfungulia. Nyumba nzima naiendesha mimi.

Mtayarishaji, mtu wa kucheka kabla hujamaliza sentensi, aliniambia nitafute “sauti ya jikoni”. Nikamtolea moja, akapiga makofi. Niko kwenye majaribio pamoja na mwenzangu anayesoma binti wa jaji, na hadithi ikiisha ataajiriwa mmoja wetu. Shangazi, naitaka kazi hii mpaka naisikia kwenye meno. Tunaanza Jumanne. Tega sikio.

Mwanao,
Kasuku


Chumba cha nyuma,
Ijumaa, tarehe 6 mwezi wa pili

Kwako Kasuku,

Marahaba. Magoti yapo, yananisengenya kila nikipanda ngazi. Kikohozi kimetulia. Natumaini u mzima, maana mimi nina maneno nawe na sipendi kugombana na mgonjwa.

Jumanne nilijitapa kwelikweli. Nilimwita yaya wa nyumba ya kona na mpishi wa jirani, tukajibanza uani kwenye kufulia, redio juu ya ndoo. Nikawaambia nyamazeni, mtoto wa kaka yangu anaingia. Ukaingia. Kwanza kikohozi kidogo, halafu “Ndiyooo, mamaa”, ile ya kuvuta mwisho kama mtu anayeburuta gunia. Mpishi akaangukia kikapu cha nguo kwa kucheka. Yaya akacheka. Na mimi nikacheka, mpaka nikaona wote wawili wananitazama mimi.

Ile sauti ni yangu, Kasuku. Uliichukua siku zile ulipokuwa unakuja kunisaidia kuosha madirisha. Jina hilo nilikupa mwenyewe kwa kuwa ulikuwa unaiga kila aliyepita uani kwetu, na aliyecheka kuliko wote nilikuwa mimi. Basi zamu yangu imefika.

Lakini hilo ningelimaliza kwa kukufinya tu. Lililoniuma ni jioni yake. Napanga sahani, Madamu anamwambia mumewe, “Umesikia redio leo? Yule mtumishi ni huyu wetu mtupu!” Wakaniomba niseme “Chai tayari”. Nikasema. Bwana akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa nilichokipiga pasi mimi.

Unajua kwa nini navuta mwisho wa neno? Ukijibu haraka unaitwa jeuri. Ukijibu polepole unaonekana mjinga, na mjinga hafukuzwi ovyo. Sauti hiyo niliitengeneza kama ninavyovaa aproni, asubuhi naifunga, jioni naivua. Nyumbani kwetu umewahi kunisikia nikiongea hivyo hata siku moja? Sasa umeichukua aproni yangu ukaivaa mbele ya nchi nzima, na wewe umelelewa nayo. Nimekasirika, na nikisema nimekasirika najua unanisikia nikisema kwa sauti ipi.

Kula vizuri.

Mimi shangazi yako,
ninayeongea vizuri tu nikitaka


Chumbani kwangu,
Jumatano, tarehe 11 mwezi wa pili

Shangazi,

Shikamoo, kama bado unaipokea. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikashindwa kula. Uliponiambia habari ya kile kitambaa nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani, maana wa kwanza kwenye foleni nilikuwa mimi. Nisamehe. Niliambiwa sauti ya jikoni, na mimi jiko ninalolijua ni moja tu.

Jana nimeibadilisha. Nilisema “Ndiyo, mama” kwa sauti yako ya nyumbani, ile unayomtolea muuza mkaa akikuletea vumbi. Heshima ipo, lakini mtu anajua amepimwa. Tulipomaliza Mtayarishaji alikuja hacheki. “Mtumishi gani anaongea kama mwenye nyumba? Rudisha ile ya kwanza, au kawaambie watu wa majaribio kwaheri.” Sijairudisha na siirudishi. Nitasema kwa sauti ndogo, isiyo yako wala yangu.

Ila liko jambo jingine, na hili ndilo linaloniwasha. Nimesoma mbele. Unakumbuka Alhamisi kijana wa nyumba aliposhuka jikoni “kunywa maji”, muziki ukapigwa? Mwandishi kaikata sura hapo hapo. Sura chache mbele, msichana wa kazi ana tumbo. Mama mwenye nyumba anamwambia, “Funga vyako uondoke.” Naye anajibu, “Ndiyo, mama.” Halafu msimulizi anasema, “Msichana wa kazi akaondoka, na nyumba ikatulia,” mimi nafunga mlango wangu wa mezani, basi. Sura inayofuata ni harusi. Yule kijana siku ile hakukosa hata chakula cha mchana, na imeandikwa kabisa kwamba alikula kwa hamu.

Shuleni tuliandika insha juu ya kitabu hiki, Shangazi. Kichwa chake kilikuwa mapenzi ya kweli! Tumbo la mwenzetu liko wazi kwenye ukurasa, darasa zima tukaliruka kama dimbwi la maji, na mimi nikapata alama nzuri.

Nikamuuliza Mtayarishaji, huyu dada anakwenda wapi? Akasema, “Haendi popote. Sura imeisha.” Mwandishi mwenyewe alikuwepo, mzee mpole, ananukia vizuri. Akaniwekea mkono begani akasema, “Binti, katika riwaya kuna wahusika wakubwa na wadogo. Mdogo kazi yake ni kufungua mlango, mkubwa apite.” Lakini mlango wenyewe naufungua mimi, kwa mkono wangu huu, na tangu siku hiyo mkono unakataa.

Kipindi hicho ni Alhamisi ya tarehe 26. Niambie nifanye nini.

Mwanao mkosaji,
Kasuku


Chumba cha nyuma,
Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa pili

Mwanangu Kasuku,

Marahaba, na yaishe. Nimekusamehe tangu Jumanne uliposema ile “Ndiyo, mama” ya kiume. Mpishi aliacha kucheka. Yaya akasema, “Huyu sasa ukimtuma, anakuuliza kwanza.” Afya yangu nzuri, nawe usiache kula kwa sababu ya mzee anayenukia vizuri.

Huyo Mwandishi wako namjua. Huja hapa kwa Madamu kula Jumapili, wamesoma pamoja. Anapenda mchuzi wangu. Tangu aanze kuja hajawahi kuniuliza naitwa nani, hunyoosha bakuli tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba yako hakulijua. Nyumba yangu ya kwanza ya kazi nilifukuzwa. Tumbo sikuwa nalo, usianze kupiga hesabu. Bwana wa nyumba alikuwa ananitazama nikipiga deki. Hakunigusa, kunitazama tu, na mkewe akamwona anavyonitazama. Macho yalikuwa ya kwake, kufukuzwa nikafukuzwa mimi. Nikasema “Ndiyo, mama”, nikatoka na mfuko. Nilikaa kituoni juu ya mfuko huo mpaka kivuli kikanihama, kwa sababu sikujua nimwambie nani nini. Nikaja kwenu, nikamwambia kaka yangu kazi imeisha. Wewe ulikuwa unatambaa. Na nyumba ile ilitulia, bila shaka. Nyumba za watu hutulia.

Kwa hiyo usidhani sielewi. Naelewa kukuzidi, na ndiyo maana nakwambia umeze. Sema “Ndiyo, mama” yako, funga huo mlango, upate kazi. Ukishakaa vizuri kwenye kiti ndipo uwaulize watu wanakokwenda. Mtu asiye na kiti hasikilizwi. Umeshauza vocha kibandani vya kutosha, na mimi sitaki uje ushike ufagio huu. Umeze, mwanangu. Mimi nimemeza na niko hai.

Shangazi yako akupendaye


Uani, kwenye kufulia,
Alhamisi, tarehe 26 mwezi wa pili

Kasuku!

Salamu baadaye. Umefanya nini wewe? Tumesikia au tumeota? Yaya ameunguza shati la bosi wake, pasi imebaki imekaa mgongoni mwa shati na yeye mdomo wazi. Mpishi anazunguka uani kama aliyepotelewa na kitu, anarudia, “Maji gani? Maji gani?” Tumetega masikio tusikie mlango, mlango hatukuusikia!

Nilikwambia umeze! Nilikuandikia! Halafu nikajikuta nimepanda juu ya ndoo napiga kelele, “Huyo ni mtoto wangu! Mtoto wangu huyo!” mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Madamu alichungulia dirishani. Akachungulie.

Nijibu haraka. Wamekufanya nini?

Shangazi yako, nisiyejua kama hii ni hofu au furaha


Chumbani kwangu,
Jumatano, tarehe 4 mwezi wa tatu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Niko salama, sijapigwa, sijafungwa. Nimefukuzwa tu.

Naapa nilikuwa nimeamua kumeza. Nilikuja na barua yako mfukoni. Viatu nimeshavivaa mikononi tayari kutembea. Bi Mkongwe, mama mmoja tunayemwita hivyo kwa ukongwe wake redioni, ndiye anayesoma mama mwenye nyumba, akasema, “Funga vyako uondoke.” Nikafungua mdomo niseme “Ndiyo, mama”, nikakuona wewe umekalia mfuko kituoni, na kilichotoka ni sauti yako ya kwa muuza mkaa: “Siondoki. Mwite mwanao hapa, aseme mbele yangu alikuwa anakuja kunywa maji gani.”

Nyuma ya kioo Mtayarishaji alirusha mikono kama anafukuza kuku. Bi Mkongwe angeweza kuendelea na karatasi yake, nami ningeonekana kituko. Akaiweka chini. Akanitazama juu ya miwani, kisha akaita, kwa ile sauti ya mama mwenye nyumba, “Kijana! Njoo hapa!” Basi kaka anayesoma kijana wa nyumba akaanza kupekua karatasi. Akapekua. Hakuna alichoandikiwa, maana katika kitabu hakuna aliyemuuliza. Akakohoa, na kikohozi kile kikaenda hewani.

Msimulizi akarukia kuokoa jahazi: “Msichana wa kazi akaondoka, na nyumba ikatulia.” Wakanigeukia wote, wanasubiri mlango. Nikaondoa mkono kwenye kitasa. Nikachukua kijiko, nikakoroga chai polepole ndani ya nyumba ile ile, na kila aliyekuwa na redio akasikia kwamba msichana bado yupo. Ndipo wakapiga muziki.

Kitambulisho walinivua mlangoni. Bi Mkongwe alinifuata mpaka barabarani, akasema, “Nimefukuza wasichana kwenye redio hii maisha yangu yote. Hajapata kutokea mmoja aliyenigomea.” Akanipa mkono kama wanavyopeana watu wazima.

Jana wamesoma harusi, na sasa wana balaa. Watu wanapiga simu kituoni: yule msichana bado yuko jikoni? Harusi anapika nani? Mwanamke mmoja amesema yeye hatasikiliza tena mpaka yule kijana ajibu. Asubuhi Mtayarishaji alinifuata kibandani. Anataka nirudi Alhamisi ijayo, nimwombe radhi Mwandishi hewani, kisha tuisome upya ile sehemu kama ilivyoandikwa, “Ndiyo, mama”, na mlango ufungwe. Nikifanya hivyo kazi ni yangu, ya kudumu, amekuja na mkataba mkononi. Nikikataa, amesema atahakikisha sisikiki kwenye redio yoyote.

Sijamjibu. Mkataba nimeushika, Shangazi, na jina langu limeandikwa, si Kasuku, lile la cheti. Nimelia kuliona. Wewe ulisema nimeze, nikatema. Sasa wamenirudishia tonge lile lile. Unasemaje?

Mwanao,
Kasuku


Sebuleni,
Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa tatu

Binti,

Natumaini u mzima wa afya. Nakuandikia kwa masikitiko makubwa. Kitendo chako kimemvunjia heshima mwandishi anayetegemewa na taifa, na kituo kilichokupa nafasi usiyostahili. Nikiwa mlezi wako, nakuagiza urudi ukaombe radhi kwa unyenyekevu na kutekeleza yote utakayoelekezwa. Ukikaidi, hata nafasi yangu katika nyumba hii, iliyonitunza kwa wema wote huu, itakuwa mashakani.

Wako,
Mtumishi


Haya. Mpaka hapo ni Madamu, kasimama nyuma ya kiti ananiambia neno kwa neno, hata hiyo “Mtumishi” ni yeye. Ile kelele yangu ya juu ya ndoo ilimfikia, na Mwandishi wao akaja juzi kulalamika, akiwa ameshika bakuli. Akaambiwa, huyo ni mtoto wa huyu. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aanze kula mapishi ya mkono wangu. Nikaambiwa nikuandikie. Nikasema, ndiyo, mama, nitamwandikia. Nimeandika. Sasa amepanda juu kulala mchana, mimi nimerudi kwenye kufulia, na yanayofuata ni yangu.

Hujambo, mwanangu? Magoti hayajambo.

Usiende. Usiombe radhi hata kwa ishara. Ukirudi pale ukasema “Ndiyo, mama” na kufunga ule mlango, utakuwa umemtoa msichana yule wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na safari hii unajua anakokwenda kukaa. Nilikwambia umeze kwa sababu niliogopa. Bado naogopa. Lakini mimi nimemeza tangu ujana, Kasuku, na sijashiba hata siku moja.

Mkataba una jina lako zuri, najua, nimelia na mimi. Rudisha. Jina ni lako hata wasipoliandika wao. Na huyo anayesema hutasikika, mwambie aje huku uani. Yaya sasa akiitwa anajibu, “Nasikia, sema.” Bosi wake hajajua afanye nini. Mpishi ameulizwa na bwana wa nyumba anakopika kwa nini hacheki siku hizi, akamjibu, “Cheka wewe, mimi napika.” Sauti yako imefika mpaka nyuma ya nyumba hizi zote. Wanaume wa redio hawajui hata kama kuna nyuma.

Na mimi sisubiri kuambiwa nifunge vyangu. Nimeshafunga. Kesho Mwandishi yuko mezani tena. Nitapita katikati ya chumba cha kulia na begi langu, mlango wa wageni, mchana kweupe. Wakiniuliza naenda wapi nitawaambia wazi, naenda kwa mtoto wangu aliyekataa kuondoka, halafu niwaache na bakuli lao. Tutakula nini sijui, tutajua huko huko.

Kimoja tu. Nikifika nikute chumba kimefagiliwa, shuka safi, na maji ya moto ya kuoga. Fagia wewe, fua wewe, chemsha wewe. Mimi nimemaliza.

Shangazi yako